Kifundo cha mukono kikitoka mu plata: «iko muzuri» haitoshi, namba inahitajika

Mvua imenyesha Bukavu. Mama mmoja anashuka njia ya udongo karibu na soko la Kadutu, beseni ya ndizi iko ku kichwa. Anateleza. Kama watu wengi wanaoanguka, anatanguliza mukono. Ndizi zinasambaa, na kifundo cha mukono wa kuume kinavunjika. Ku hospitali wanamupiga picha ya radio, wanarudisha mufupa mahali pake, wanamufunga plata. Wiki sita zinapita. Plata inatolewa, na mama anatumwa kwa kine, yaani muganga wa mazoezi ya viungo.

Kine anamwambia: «Mama, kunja. Pindisha nyuma. Ah, iko muzuri.» Ku fishi anaandika: inaendelea vizuri. Wiki mbili baadaye, kine mwengine anaandika maneno yaleyale. Mara ya tatu, vilevile. Miezi mitatu inaisha. Mama hawezi kukamua nguo, hawezi kujisukuma kwa mukono akitaka kusimama kutoka chini, na fishi yake inasema mara tatu kwamba mambo iko muzuri.

Huyu mama ni mufano tu. Lakini mutu yeyote aliyepanga foleni mbele ya mulango wa kine anaweza kuitambua fishi ya namna hiyo. Mu fishi ile hakuna aliyedanganya. Kila mmoja aliona mukono ukisogea kidogo, akaandika alichokiona. Kitu kimoja tu kilikosekana: namba. Bila namba, hakuna anayeweza kujua kama mukono wa leo unapita wa wiki mbili zilizopita, ao kama ulisimama palepale wakati kila mutu anafurahi.

Habari hii inaeleza namna kifundo cha mukono kinavyopimwa, kwa nini kipimo kibaya kinadanganya kuliko kukosa kipimo, na nini mugonjwa mwenyewe anaweza kuuliza.

Kiungo kidogo, kazi nyingi

Kifundo cha mukono ni pale watu wanavaa saa ao bangili. Ndani yake kuna vifupa vidogo 8 vilivyopangwa kama mawe ya ukuta, vikikutana na mifupa miwili mirefu inayotoka ku kiwiko. Mufupa unaovunjika sana mutu akiangukia kiganja ni ule mukubwa wa upande wa kidole gumba, karibu kabisa na kifundo. Ku fishi nyingi za kwetu, zinazoandikwa Kifaransa, kuvunjika huko kunaitwa Pouteau-Colles. Ni majina ya waganga wawili: Claude Pouteau wa Lyon, Ufaransa, na Abraham Colles wa Dublin, Ireland, aliyeandika juu ya jeraha hilo mwaka 1814. Wakati ule picha ya radio haikuwepo. Ilikuja mwaka 1895. Walitumia macho na vidole vyao.

Kifundo kina njia ine za kusogea. Kinakunja mbele, kuelekea kiganja. Waganga wanaita fleksio. Kinapindika nyuma, kama mutu anayesimamisha gari kwa kiganja. Hiyo ni ekstansio. Tena kinaenda pembeni, upande wa kidole gumba, na pembeni upande wa kidole kidogo cha mwisho.

Kila njia ina kiasi chake, na kiasi hicho kinahesabiwa kwa degre, zilezile ambazo watoto wanapima ku masomo. Mukono ukinyooka sawa na sehemu ya mbele ya mukono, hiyo ni zero. Kutoka zero, mutu mukubwa asiye na ugonjwa anakunja mbele karibu degre 80, anapindisha nyuma karibu 70, anaenda upande wa kidole gumba karibu 20 na upande wa kidole kidogo karibu 30. Si sheria. Kuna watu wenye viungo laini na watu wenye viungo vigumu tangu kuzaliwa. Juu ya hiyo, kipimo cha kwanza cha kulinganisha ni mukono mwengine wa mugonjwa mwenyewe, kama haukuwahi kuumia.

Kazi za kila siku hazihitaji degre zote hizo. Mwaka 1991, watafiti wa Marekani walipima watu wazima wenye afya wakifanya kazi za nyumbani na za kujisafisha. Waliona kwamba sehemu kubwa ya kazi hizo zinawezekana na degre 40 za kukunja mbele, 40 za kupindisha nyuma, na 40 za pembeni ukijumlisha pande zote mbili. Utafiti mwengine wa mwaka 1985 ulitoa namba ndogo zaidi: 30 za kupindisha nyuma na 5 tu za kukunja mbele kwa kazi nyingi za kawaida.

Namba hizo zinafundisha kitu kimoja: kupindisha nyuma njo kunabeba sehemu kubwa ya maisha. Lakini mtu asizichukue kama mwisho wa safari. Kunywa chai na kufungua mulango si sawa na kutwanga sombe, kusukuma chukudu iliyojaa makala, kuchimba, ao kushika gazi ya moto mutwa muzima ku barabara ya mashimo. Motari anayefika 40 anaweza kula bila shida nyumbani na bado ashindwe kufanya kazi yake. Kwa hiyo kine anapaswa kujua mugonjwa anafanya kazi gani mbele ya kuamua ni namba gani inatosha.

Raporteri yenye mikono miwili

Chombo cha kupima kinaitwa goniometri. Mutu aliyewahi kufungua boîte mathématique ya mutoto wa shule tayari anakijua nusu. Fikiria ile raporteri, kisha uiongezee mikono miwili mirefu kama rula. Mukono mmoja haujongei, mwengine unazunguka. Pale vinapokutana, unasoma degre. Kwa kawaida ni cha plastiki ao cha chuma, hakihitaji umeme, hakihitaji intaneti, kinaingia mu mufuko wa blouse.

Basi ugumu hauko ku chombo. Uko ku namna ya kukiweka.

Mugonjwa anakaa, bega limelegea. Anaweka kiwiko juu ya meza, mukono umesimama wima, ili chombo kifike pande zote. Kwa kupima kukunja mbele, goniometri inalala ku mugongo wa mukono. Katikati yake inakaa juu ya kifundo, sawa na mustari wa kidole cha kati. Mukono usiojongea wa chombo unafuata katikati ya mukono kuelekea kiwiko. Mukono unaozunguka unafuata mufupa wa kidole cha kati, ule ulio ndani ya kiganja. Haufuati kidole chenyewe. Kwa kupima kupindisha nyuma, chombo kinahamia upande wa kiganja, ku mustari uleule wa katikati.

Kwa zile njia mbili za pembeni, mukono unalazwa ku meza, kiganja kinaangalia chini. Chombo kinawekwa juu: katikati yake ku kifundo, mukono mmoja ku mustari wa katikati wa mukono, mwengine ku mufupa wa kidole cha kati.

Waganga wengine wanaweka chombo ku upande wa kidole gumba ao ku upande wa kidole kidogo. Njia hizo zimo ndani ya vitabu pia. Mwaka 1994, watafiti wa Marekani walilinganisha njia tatu ku wagonjwa wa kliniki mbalimbali. Ile ya mugongo wa mukono na kiganja njo ilitoa namba zinazofanana zaidi wakati kipimo kinarudiliwa. Tena waliona kwamba namba zinafanana zaidi kama anayepima ni mutu yuleyule, kuliko kama watu wawili wanapokezana.

Hapo fishi ya mama wa Kadutu inaanza kueleweka. Alipita ku mikono ya waganga zaidi ya mmoja. Hata kama wote wangetumia goniometri, mmoja akiweka upande wa kidole kidogo na mwengine ku mugongo wa mukono, namba zao zisingeweza kulinganishwa. Ingekuwa kama kupima muchele leo na kopo ya Simba, kesho na ekopo ya nyanya, kisha kuuliza kama muzigo umeongezeka.

Vitu vidogo vinavyoharibu namba

Jaribu kitu hiki wakati unasoma. Funga ngumi kabisa, halafu kunja kifundo mbele mpaka mwisho. Sasa legeza vidole, kunja tena. Mara ya pili umeenda mbali zaidi. Kifundo chako hakikubadilika. Kamba za nyama zinazofungua vidole zinapita ku mugongo wa kifundo. Ukifunga ngumi zinakazwa, na zinazuia. Basi kine anayepima leo mugonjwa amefunga ngumi, na wiki ijayo vidole vimelegea, ataandika maendeleo ambayo hayapo. Vidole vinapaswa kulegea, kila mara.

Jambo la pili: nani anasogeza mukono? Kama mugonjwa anausogeza mwenyewe, hicho ni kipimo kimoja. Kama kine anausukuma polepole, hicho ni kipimo kingine. Vyote viwili vina faida, lakini vinapaswa kuandikwa mbali mbali. Zaidi ya hayo, tofauti kati yao inasema kitu. Mugonjwa anayepindisha nyuma degre 30 kwa nguvu zake, na kine anafikisha 55 bila shida, kiungo chake kiko wazi. Shida iko ku nguvu, ku maumivu ao ku kamba za nyama. Yule anayefika 30 mwenyewe, na kine anafika 32 tu kisha anakutana na ukuta, huyo kiungo chenyewe kimekauka. Hao wawili hawapaswi kupewa mazoezi sawa. Bila namba mbili, wanafanana.

Kusukuma huko kunakuja tu baada ya muganga kuhakikisha kwamba mufupa umeshika. Mufupa mubichi hausukumwi ili kupata namba nzuri.

Jambo la tatu ni wakati. Mukono uliotoka mu maji ya moto, ao uliomaliza mazoezi, unasogea kuliko ule uliotoka mu baridi ya asubuhi. Kupima mbele ya mazoezi ao nyuma yake, yote inakubalika. Kisichokubalika ni kubadilisha bila kuandika.

Jambo la ine ni zero. Kuna mikono inayotoka mu plata imekunjika mbele na haiwezi kunyooka. Tuseme mukono wa mutu unaanza ku degre 20 za kukunja na unafika 50. Kine akiandika «50» peke yake, anayesoma atafikiri unaanza ku zero, kwamba mutu huyu ananyoosha mukono wake bila shida. Inapaswa kuandikwa: kukunja, kutoka 20 mpaka 50. Neno moja lililokosekana linaficha kilema kizima.

Na jicho? Kuna waganga wenye miaka mingi ya kazi wanaoangalia mukono na kusema «karibu 45». Jicho linaweza kusaidia mahali pa kuanzia. Lakini jicho linakumbuka lilichoandika mara iliyopita, na linapenda kuona maendeleo. Chombo hakina matumaini.

Hata hivyo, chombo chenyewe kina mipaka. Mu kazi hii inakubaliwa kwamba hata mutu yuleyule, kwa njia ileile, anaweza kutofautiana na yeye mwenyewe karibu degre 5. Kati ya watu wawili, tofauti inaweza kuwa kubwa zaidi. Maana yake: mukono uliokuwa 30 na leo ni 33, huwezi kusema umeendelea. Ule uliokuwa 30 na leo ni 42, hapo kitu kimetokea.

Fishi ileile, na namba

Turudi kwa mama wetu, na tuandike fishi yake upya. Namba ni za mufano, lakini njia ya kuzisoma ni ya kweli.

Siku plata inatolewa: kupindisha nyuma degre 15, kukunja mbele 25. Mukono wa kushoto, ulio mzima: 65 na 75. Njia: mugongo wa mukono na kiganja, vidole vimelegea, mugonjwa anasogeza mwenyewe, mbele ya mazoezi.

Wiki mbili baadaye: kupindisha nyuma 30, kukunja mbele 38. Kila namba imeongezeka zaidi ya 10. Mazoezi yanafanya kazi, waendelee hivyo.

Wiki ine baadaye: kupindisha nyuma 32, kukunja mbele 40. Kwa jicho, mukono unasogea, mama anacheka, kila mutu angeandika «iko muzuri». Namba inasema kingine. Degre 2 si maendeleo. Ni kosa la kawaida la kupima. Mukono umesimama.

Hapo njo kazi ya kufikiri inaanza. Je, mama anafanya mazoezi ya nyumbani, ao amerudi kubeba beseni na hana wakati? Je, maumivu yanamuzuia? Kine akisukuma, anafika wapi? Je, mufupa umeshika vizuri, ao inafaa kurudi kwa daktari kupiga radio ingine? Je, kibao cha kuvaa usiku kinaweza kusaidia? Maswali hayo yanaulizwa wiki ya ine, wakati kiungo bado kinakubali kubadilika. Mu fishi ya «iko muzuri», yanaulizwa mwezi wa tano ao hayaulizwi kamwe.

Hakuna haja ya kumuogopesha mutu. Kifundo kilichovunjika kinaweza kuendelea kupata degre kwa miezi mingi, hata karibu mwaka. Lakini miezi ya kwanza ina uzito kuliko mingine, na hairudi.

Mahali ambapo goniometri haipo

Kuna vituo vya afya, hasa mbali na miji, ambavyo havina kine wala goniometri. Kwa mikono inayohitaji kazi ndefu, miji mikubwa ina vituo vya kusaidia wenye kilema na wenye majeraha ya viungo, kama Heri Kwetu ya Bukavu na Shirika la Umoja ya Goma. Lakini si kila mutu wa Walungu, Masisi ao Lubero anaweza kulipa transport kila wiki, na kuna siku barabara yenyewe imefungwa.

Infirmier aliye peke yake anaweza kutumia raporteri ya shule. Anaifunga vipande viwili vya karto ngumu ao vya rula, kimoja kimeshikwa, kingine kinazunguka ku msumari mudogo. Haitakuwa nzuri kama ya dukani. Lakini ikiwekwa mahali palepale, kwa njia ileile, na mutu yuleyule, inapita jicho.

Telefone za sasa nazo zina programu za kupima mwinamo, zilezile mafundi wanatumia kuangalia kama ukuta umenyooka. Telefone inawekwa ku mugongo wa mukono kwanza, inaonyesha mwinamo mmoja. Kisha ku mugongo wa kiganja, inaonyesha mwingine. Tofauti ni degre za kifundo. Sheria haibadiliki: leo telefone, kesho telefone, mahali palepale. Usianze na goniometri halafu umalizie na telefone.

Na mugonjwa ambaye muganga amemuruhusu kuanza kusogeza mukono, ana kipimo chake cha nyumbani. Anakutanisha viganja viwili mbele ya kifua kama mutu anayesali, vidole vinaangalia juu, kisha anainua viwiko polepole bila kuachanisha viganja. Mukono wenye shida unaonekana mara moja: kiwiko chake hakipandi kama kingine, ao kiganja kinaanza kuachana chini. Hiyo ni kupindisha nyuma. Kisha anakutanisha migongo ya mikono, vidole vinaangalia chini, na anashusha viwiko. Hiyo ni kukunja mbele. Mutu wa nyumbani anaweza kupiga picha na telefone kila siku ya Mungu, kutoka mahali palepale. Picha nne za mwezi mmoja zikipangwa pamoja zinaonyesha kama kiwiko kinapanda. Haitoi degre, lakini inatoa ushahidi wa kumuonyesha kine.

Namba ni haki pia

Kuna sababu ingine ya kutaka namba, na hiyo inafika mbali na chumba cha mazoezi.

Mfanyakazi aliyeumia kazini na aliyeandikishwa ku CNSS, ao mutu aliyegongwa na gari yenye asiransi, siku moja atasimama mbele ya dosiye. Mu dosiye ile, karatasi ya muganga njo inaeleza ni uwezo gani umepotea. Karatasi inayosema «mukono umepona, unabaki na ugumu kidogo» inaacha nafasi kwa kila mutu kusoma anavyotaka. «Kidogo» ya mwenye kulipa haifanani na «kidogo» ya motari. Karatasi inayosema: kupindisha nyuma 25 ku mukono wa kuume, 65 ku wa kushoto, njia hii, tarehe hii, na kwamba namba hazikubadilika kwa miezi kadhaa, hiyo haigeuzwi kirahisi.

Tena namba zinalinda pande zote. Zinamulinda muganga aliyefanya kazi nzuri na anasingiziwa. Zinazuia pia yule anayejifanya mukono umekufa ili alipwe. Mutu wa namna hiyo anaweza kushindwa kurudilia namba ileile akipimwa mara tatu kwa siku mbalimbali.

Mbele ya yote: mukono ulio mu plata

Kupima kunaanza plata ikitoka, lakini degre zinapotea tangu siku inafungwa. Mara muganga akiruhusu, mugonjwa anapaswa kusogeza vidole, kiwiko na bega kila siku, na kuinua mukono juu ya kifua siku za kwanza ili uvimbe ushuke. Vidole vilivyokaa wiki sita bila kusogea vinakauka hata kama havikuvunjika.

Kuna alama ambazo hazingoji randevu. Vidole vikivimba sana, vikiwa baridi, vikigeuka rangi ao kuwa vyeupe, vikifa ganzi, ao maumivu yakiongezeka hata baada ya dawa, mutu arudi hospitali saa ileile, hata kama ni usiku. Ni vilevile kwa yule aliyefungwa vibao na wanaounga mifupa kijijini. Kamba iliyokazwa kupita kiasi inaweza kuua mukono mu muda mufupi, na mukono uliokufa hakuna goniometri itakayoupima.

Maswali matatu

Mugonjwa hahitaji kujua majina ya mifupa 8. Anahitaji kuuliza maswali matatu, kwa heshima, kila anapomaliza kwa kine:

«Kine, leo nafika degre ngapi mbele na nyuma?»

«Mara iliyopita ilikuwa ngapi, na mulinipima kwa njia hii hii?»

«Kwa kazi yangu, inapaswa kufika ngapi?»

Kine mwenye wagonjwa wengi anaweza kushangaa mara ya kwanza. Lakini kupima njia mbili kunachukua dakika chache, na kuandika mustari mmoja kunachukua chache zaidi. Mugonjwa anayebadilisha kituo, kwa sababu ya vita, ya kuhama ao ya kukosa makuta, anaondoka na mustari ule mu fishi yake. Kine mupya wa Uvira, wa Beni ao wa kambi ya wahamaji anaendelea kutoka pale mwengine aliachia, bila kuanza upya na bila kubahatisha.

Mama wa Kadutu hakuhitaji mashine ya bei kali. Alihitaji mutu aandike 30, kisha 32, halafu asimame aulize kwa nini.